Sufuria Nyeusi ya Bibi Scholastika

Ndugu wananchi, mabibi na mabwana, wazee kwa vijana! Nasimama mbele yenu kwa heshima kubwa ili nizungumzie jambo zito. Ni jambo linalogusa afya, uchumi na usalama wa taifa letu.

Jambo hilo ni tundu.

Halikuwa tundu kubwa. Punje moja ya mahindi ingeliziba. Lilikuwa chini ya sufuria ndogo ya bibi yangu, na asubuhi ile lilikuwa limeuzima moto wetu mara mbili kabla chai haijachemka.

Mimi naitwa Obed. Nasoma kidato cha tatu katika shule ya bweni, mbali na nyumbani. Likizo ikifika narudi Karatu kwa mama yangu Monika, bibi yangu Scholastika na mdogo wangu Jackline, ambaye ana miaka minne na maswali mia nne. Baba ni dereva wa watalii. Akiwa Ngorongoro tunamwona kwenye simu tu, tena mtandao ukitaka.

Jiko letu liko nje, chini ya bati. Tunapikia kuni. Mwezi wa saba ukungu unashuka mpaka mlangoni, na kila mtu anatafuta sababu ya kukaa karibu na moto. Sababu yangu kwa kawaida ni njaa.

Bibi alikuwa na sufuria mbili alizozipenda. Ya kwanza ilikuwa kubwa, nzito, nyeusi tii. Aliinunua zamani, alipokuwa akiwapikia wachuma kahawa kwenye shamba moja kule Oldeani. Siku ya mnada hupika makande ndani yake na kuyauza kwa wafugaji na wachuuzi. Godoro ninalolalia shuleni limetoka kwenye sufuria ile. Daftari zangu pia. Hata viatu vya shule vya Jackline vitatoka humo, akifika umri.

Ya pili ndiyo hiyo ndogo yenye tundu. Bibi aliipeleka kwa fundi Piusi, jirani yetu, anayeziba kila kitu kuanzia ndoo hadi rejeta za magari. Ilirudi ikiwa na kiraka cha rangi ya kijivu. Bibi akaisugua kwa mchanga na jivu mpaka ikang'aa. Ungeweza kuchania nywele ukijitazama humo.

"Ona," alisema Bibi. "Mpya kabisa. Kesho nampikia Jackline uji."

Wakati huohuo tulisikia guta likiunguruma nje. Anti Hasna alikuwa amefika.

Anti Hasna ni jirani yetu wa nyumba ya tatu. Ndiye kiongozi wa kikundi cha akina mama kinachokusanya taka majumbani. Guta lake ni la matairi matatu, na analiendesha mwenyewe, mtandio umefungwa vizuri, kizibao cha kijani kimepigwa pasi. Anakipenda sana kizibao kile. Mama anasema hata angealikwa harusini angekwenda nacho.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, Hasna mwanangu," Bibi aliitikia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Leo siyo siku ya chupa."

"Leo nimekuja na habari mpya," alisema Anti Hasna, akavuta kigoda. "Mnajua tumezoea kuchukua chupa za plastiki na maboksi. Basi tumepata mnunuzi wa vyombo vya chuma vya jikoni. Kuanzia Jumamosi tutapokea sufuria zilizotoboka, vikaango vilivyobanduka, birika, mifuniko, hata miiko."

"Za nini?" aliuliza Mama. "Si ni takataka tu?"

"Mama Obed, wewe sufuria yako ikifa unaipeleka wapi?"

"Korongoni," alisema Mama.

"Na mimi nilikuwa naitupa huko huko. Matokeo yake unayajua. Mvua ikinyesha, maji yanasimama humo, mbu wanazaliana. Ng'ombe wa Mzee Hhando alikanyaga kikaango kilichochanika, akachechemea mwezi mzima. Na chuma hakiozi kama ganda la ndizi. Kitakaa pale mpaka wajukuu wa Obed wazeeke."

"Obed hana mke," alisema Jackline.

"Atapata, akiacha utundu," alijibu Anti Hasna. Kisha aliendelea. "Sufuria nyingi ni za alumini. Alumini ukiiyeyusha inakuwa kitu kipya. Tena kuiyeyusha kunahitaji moto kidogo kuliko kuchimba mawe ardhini na kuanza upya."

Alitoa sumaku mfukoni. Aliigusisha kwenye mfuniko wa birika. Ikanasa. Aliigusisha kwenye sufuria ndogo ya Bibi. Ikateleza.

"Inayonasa ni chuma. Hii isiyonasa ni alumini. Tunaziweka mbalimbali."

Nilitaka kusema kwamba hayo tulisoma kidato cha kwanza. Sikusema, kwa sababu siku ile nilikuwa nimelala darasani.

Halafu Anti Hasna aliigeuza ile sufuria ndogo. Aliona kiraka. Uso wake ukabadilika.

"Bibi, hiki kiraka kimetengenezwa na nini?"

"Piusi ameyeyusha vipande vya betri ya gari. Kazi nzuri. Haivuji hata tone."

"Umeshapikia?"

"Bado. Jana tu nimeichukua."

"Alhamdulillahi. Usipikie, Bibi. Ndani ya betri ya gari kuna madini laini yanayoitwa risasi. Ni sumu. Chakula kikichemka humo kinaichukua kidogo kidogo. Huioni, huinusi, wala huisikii mdomoni. Inaingia kwenye damu. Mtoto mdogo kama Jackline inamharibu akili na kumdumaza. Na kadiri unavyoisugua kwa mchanga ndivyo inavyotoka."

Bibi aliichukua sufuria yake. Aliikumbatia kama kuku aliyenunuliwa.

"Lakini inang'aa," alisema.

"Kung'aa siyo usalama, Bibi. Jumamosi unipe. Nitaiweka peke yake, isichanganyike na nyingine."

"Nitafikiri," alisema Bibi.

Kwa kauli ya bibi yangu, "nitafikiri" maana yake ni hapana.

Anti Hasna alinigeukia. "Obed, wewe upo upo tu likizo hii. Jumamosi njoo unisaidie kupakia magunia."

Nilikubali. Ndugu wananchi, naomba ieleweke kwamba nilikubali kwa moyo wa kuitumikia jamii. Guta lina spika kubwa na maiki, lakini hilo ni jambo dogo ambalo sikulifikiria hata kidogo. Nililifikiria usiku kucha.

Jumamosi tulianza asubuhi. Spika ilikuwa ikirudia maneno ya Anti Hasna aliyoyarekodi kwenye simu: "Leteni sufuria zilizotoboka, vikaango vilivyobanduka. Zioshwe. Mishikio ya plastiki itolewe. Fungeni kwenye gunia, wekeni getini." Watu walikuwa wakitoa kidogo kidogo. Huku mfuniko, kule birika. Anti Hasna alikuwa na wasiwasi.

"Tariq analeta lori Jumapili," aliniambia. Tariq ni kijana wa yule mnunuzi. "Nisipojaza hata nusu, hatarudi tena. Na sisi tutaendelea kutupa korongoni."

Tulifika kwa Mzee Hhando. Anti Hasna aliingia ndani kusalimia. Kwa Mzee Hhando huwezi kusalimia bila kunywa chai, na chai yenyewe haiji haraka, tena redio yake hupiga kelele muda wote. Mimi nilibaki na guta kwenye kichochoro, kando ya ua wa minyaa. Hapakuwa na mtu. Maiki ilikuwa pale. Ilikuwa inanitazama.

Lazima niwaeleze kuhusu Sauti. Bwenini ninaweza kuigiza sauti nzito, ya polepole, ya kiongozi mwenye tumbo na kalamu tatu mfukoni. Nikiitoa gizani, kidato cha kwanza wote wanaruka kitandani na kujipanga mstari. Ni kipaji. Kipaji kisipotumika kinapotea.

Niliizima ile simu. Nikajilaza kati ya magunia nisionekane. Nikasema:

"Wananchi wa mtaa huu! Mnatangaziwa kwamba sufuria yoyote nyeusi ni adui wa maendeleo. Itolewe leo hii, bila kukosa. Kuanzia kesho wakaguzi watapita jiko kwa jiko. Atakayekutwa na sufuria nyeusi atajieleza mwenyewe. Ahsanteni kwa kunisikiliza."

Niliishiwa pumzi kwa kucheka. Sikufikiri kwamba kuna mtu angeamini. Nani Karatu hapikii kuni? Nani hana sufuria nyeusi?

Hapo ndipo penyewe. Kila mtu anayo.

Tulipozunguka tena, magunia yalikuwa yamejaa kwenye mageti. Mazito, yamefungwa kwa kamba. Anti Hasna hakuamini macho yake.

"Unaona, Obed? Watu wameelewa! Ukieleza vizuri watu wanaelewa!"

Alifurahi mpaka akanipa andazi. Andazi lile lilishuka kwa shida. Lakini lilishuka.

Getini kwetu pia palikuwa na gunia. Mama alikuwa sokoni. Nililibeba. Lilikuwa zito kweli. Nililirusha juu ya mengine, likalia kama kengele ya kanisa. Sikulifungua. Tulipofika kwenye uwanja wa kikundi, nyuma ya soko, jua lilikuwa limeshuka. Magunia yalipimwa yakiwa yamefungwa, yakapangwa tayari kwa lori.

Jumapili baada ya ibada, Bibi alianza maandalizi ya mnada wa kesho yake. Alichambua maharage. Aliloweka mahindi kwenye ndoo. Kisha akakaa kwenye kigoda, mikono mapajani, akitazama mafiga matupu.

"Mama, sufuria kubwa iko wapi?" Mama aliuliza. Bibi ni mkwe wake, lakini anamwita mama.

"Nimeitoa."

"Umeipeleka wapi?"

"Kwenye zile za Hasna. Serikali imetangaza. Sufuria nyeusi zote zitolewe, wakaguzi wanapita."

Nilikuwa nakunywa maji. Yalinipalia.

"Wakaguzi gani?" Mama alishangaa.

"Monika, wewe hukukaa kambi za shamba. Mimi nimekaa. Nyapara alikuwa anapita nyumba kwa nyumba. Akikuta kitu kisichotakiwa, siku hiyo hupati kazi. Mkaguzi habishaniwi. Nimesikia kwa masikio yangu. Alikuwa mtu mkubwa yule, mwenye elimu. Alizungumza polepole."

"Na ile ndogo yenye kiraka?"

"Iko chini ya kitanda. Ile haina taabu. Inang'aa."

Mama alishika kichwa. "Mama jamani! Umetoa nzima, ukabakiza yenye sumu!"

"Nitapikia nini kesho?" Bibi aliuliza. Hakuwa anagomba. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, kama Jackline anavyouliza baba atarudi lini. "Mahindi nimeshaloweka."

Bibi yangu si mtu wa sauti ndogo. Nimemsikia akimfukuza nyani shambani, nyani akageuka kuomba radhi. Sasa alikuwa amekaa mbele ya mafiga matupu kwa sababu ya maneno yangu. Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Nikasema, "Twendeni tukaitafute."

Ni kweli nilisema hivyo. Lakini siyo hivyo nilivyopaswa kusema.

Uwanjani tulikuta watu wengi. Magunia yote yalikuwa yameshapakiwa. Lori lilikuwa linanguruma, na Tariq alikuwa anafunga turubai. Akina mama walikuwa wamemzunguka Anti Hasna.

"Hasna, umetudanganya! Mume wangu anakula nini leo?"

"Mmechukua sufuria nzima za watu mkauze!"

"Sasa chupa zangu hupati tena, na sufuria hupati!"

Mzee Hhando naye alikuwepo, fimbo mkononi. "Birika yangu," alisema. "Ilikuwa nyeusi, kweli, na jirani akaniambia imetangazwa itolewe. Lakini haivuji. Nilikunywa na wewe chai yake jana, Hasna. Umekunywa, halafu umeichukua."

"Mzee wangu, sikutangaza ukaguzi mimi," alisema Anti Hasna. Kizibao chake cha kijani kilikuwa kimepinda, na hakukinyoosha. "Mimi nilisema zilizotoboka. Sufuria kuwa nyeusi nje ni masizi ya kuni tu. Si ubovu. Kosa langu ni moja. Sikufungua magunia mlangoni nikaangalia. Nilifurahi kupata mengi. Hilo nakubali."

"Basi wafungulie sasa," alisema Mama. "Kila mtu achukue chake."

Anti Hasna alimtazama Tariq. Tariq alitikisa kichwa.

"Dada Hasna, mimi nimetumwa. Mzigo umepimwa na kulipiwa. Kila siku mtu anauza kitu, kesho anajuta, anataka akirudishe. Nikifungua kwa kila anayejuta, sitafika Arusha. Nionyesheni kwamba hawa watu wamedanganywa. Nani amewadanganya? Yuko wapi? Bila hivyo, mimi naondoka."

"Ni Hasna!" mama mmoja alipaza sauti.

"Haikuwa sauti ya mwanamke," alisema Bibi. Watu walimsikiliza kwa sababu ya umri wake. "Ilikuwa ya mwanamume. Mtu mzito. Msimwonee huyu binti."

"Basi ametafuta mwanamume wa kumtangazia!"

Makelele yakaanza upya. Mtu alimsukuma mwenzake. Tariq alipanda kwenye lori na kufunga mlango. Anti Hasna alinishika bega, akanitia maiki ya guta mkononi.

"Obed, wewe una sauti. Watulize kidogo, tafadhali."

Mbele yangu kulikuwa na akina mama wote wa mtaa, wamekasirika, na wengine walikuwa wamebeba miiko. Nilitaka kusema kwa sauti yangu ya kawaida, "Samahanini, naomba tusikilizane." Lakini mtu akiogopa, mdomo unakimbilia unakokujua.

"WANANCHI WA MTAA HUU!" Sauti ilinguruma kwenye spika, nzito, ya polepole, ya mtu mwenye kalamu tatu mfukoni. "MNATANGAZIWA KWAMBA..."

Nikanyamaza.

Uwanja mzima ukanigeukia.

Tariq alizima lori. Mzee Hhando alishusha fimbo yake chini polepole, kama mtu anayetafuta pa kuiweka ili aichukue tena baadaye.

"Mama," Jackline alisema mgongoni kwa Mama, "yule mkaguzi ni Obed."

Bibi ndiye aliyesogea. Alisimama mbele yangu. Ni mfupi, ananifika kifuani.

"Mjukuu wangu," alisema. "Sema mpaka mwisho."

Nilisema. Maiki bado ilikuwa imewashwa, kwa hiyo nilisema kwa soko zima. Nilisema kwamba hakuna mkaguzi. Nilisema Anti Hasna hajui kitu, alikuwa ndani anakunywa chai, na mimi nilikuwa nimejificha kati ya magunia. Nilisema nilifanya kwa ajili ya kucheka. Nilisema gunia la bibi yangu nililibeba bila kulifungua, nikalirusha mwenyewe kwenye guta, na jana nilikula andazi juu ya hayo yote. Sikutumia Sauti. Nilitumia hii nyingine, yangu, ambayo siku ile ilikuwa nyembamba sana.

Nilitegemea fimbo. Badala yake Tariq alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi ya lori.

"Sasa huyu ndiye niliyekuwa namtaka," alisema, akifuta machozi. "Haya, fungueni turubai."

"Ngoja," alisema Anti Hasna. Alikuwa amenyoosha kizibao chake. Hakuwa anacheka. "Asiteremke mtu kuparura magunia. Leo tutafanya kama nilivyopaswa kufanya mlangoni. Obed, shika maiki. Mimi nasema, wewe unatangaza. Kwa sauti yako."

Basi nikatangaza, neno kwa neno. Mwaga gunia chini. Igeuze sufuria, itazame juani. Ukiona mwanga unapenya, imetoboka, irudi kwenye lori. Bonyeza kitako. Kikibonyea kama karatasi, kimekwisha. Kikaango kilichobanduka utando mweusi wa ndani, kitoe, usikwangue zaidi. Sufuria iliyo nyeusi nje tu lakini nzima ndani, mwenyewe aichukue nyumbani. Masizi yakiwa mazito ayasugue, kwa sababu yanamlia kuni zake. Ndani asisugue kwa mchanga, maana anaila sufuria yenyewe. Za kunasa sumaku huku, zisizonasa kule. Betri, makopo ya dawa za kuulia wadudu na mitungi ya gesi, hapana. Hivyo visiingie kabisa kwenye gunia la vyombo.

Watu walifanya. Mwanzoni kwa hasira, baadaye kwa mizaha. Mama mmoja aliinua sufuria juani, akaona nyota tatu. "Na hii nimepikia mpaka wiki iliyopita!" alisema. "Kumbe ndiyo maana supu ilikuwa inapungua, namlaumu mume wangu!" Mzee Hhando alipata birika yake. Alichungulia ndani, akaitikisa, akaniangalia, kisha akaondoka nayo bila neno. Hiyo ilikuwa mbaya kuliko fimbo.

Sufuria ya Bibi ilikuwa chini kabisa ya lori. Tariq mwenyewe aliishusha. Bibi aliipiga kofi ubavuni, kama mtu anavyompiga ng'ombe wake aliyepotea na kurudi. Halafu alimgeukia Mama.

"Monika, nenda nyumbani. Chini ya kitanda, upande wa ukutani. Mletee Hasna ile inayong'aa."

Anti Hasna aliifunga ile sufuria ndogo kwenye mfuko wake peke yake. Tariq aliandika juu ya mfuko kwa wino mwekundu kwamba ina risasi, akauweka mbele, mbali na nyingine. Siku ya pili Anti Hasna alikwenda kwa fundi Piusi. Walizungumza muda mrefu. Piusi hakujua habari za sumu ile, na yeye mwenyewe alikuwa akiuvuta moshi wake kila siku akiyeyusha. Alikwenda kituo cha afya kupimwa. Ndoo na rejeta bado anaziba. Chombo cha chakula hakigusi tena. Ukimletea sufuria iliyotoboka anakwambia, "Subiri Jumamosi, mpe Hasna."

Na Jumamosi guta linapita. Sasa magunia hayafungwi mpaka Anti Hasna ayatazame mlangoni. Lori la Tariq limerudi. Kule korongoni mbuzi wanapita bila kukanyaga mifuniko ya watu. Jackline ana sufuria yake ndogo mpya ya uji, isiyo na kiraka, na ameipa jina la mwanasesere wake.

Mimi adhabu yangu aliipanga Bibi. Kila siku ya mnada, mpaka likizo iishe, namsaidia kupika na kuuza makande, na jioni nasugua masizi ya ile sufuria kubwa. Masizi ya tangu Oldeani. Chini ya tabaka la kwanza kuna la pili.

Mnada uliopita wateja walikuwa wengi. Mfugaji mmoja kutoka Kakesio, aitwaye Sironka, alikuwa amekaa na sahani yake. Alikuwa amesikia habari za mkaguzi. Aliuliza ilikuwaje.

Nilijikohoza. Niliweka mwiko kifuani.

"Ndugu yangu," nilisema, "palikuwa na makelele makubwa. Anti Hasna alikuwa anaonewa. Nikaona siwezi kuvumilia dhuluma. Nikachukua maiki kwa hiari yangu mwenyewe, nikasimama mbele ya umma, nikakiri."

Sironka aliinamisha kichwa kwa heshima. Bibi alikuwa anakoroga. Hakugeuka.

"Kwa hiari yako?" aliuliza.

Mvuke wa makande ulinipiga usoni. Watu wote kwenye benchi waliacha kutafuna.

"Hapana, Bibi," nilisema. "Nilikamatwa."